Jumamosi Chini ya Mlima Meru

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba wikiendi unapanda Arusha, swali atakalokuuliza linajulikana: "Mnaenda mbuga gani?" Arusha imeshauzwa hivyo, na sisi wenyewe tumeinunua. Ni mji wa kulala usiku mmoja, kunywa kahawa, kupiga picha pale Mnara wa Saa, halafu alfajiri mnapanda gari na kuwaachia wenyeji mji wao. Nina marafiki kibao waliofika Ngorongoro na Tarangire na wapenzi wao, lakini ukiwauliza Arusha yenyewe ikoje watakwambia kitu kimoja tu: kuna baridi.

Leo naomba nikupeleke sehemu nyingine, na ukinitazama vibaya nitakuelewa. Nakupeleka uwanja wa mpira. Tena si kuwaona Simba wala Yanga, maana kwa hao huhitaji kushikwa mkono na mtu. Nakupeleka kwenye habari za timu ambayo pengine hujawahi kuisikia, au uliisikia zamani ukaisahau. Inaitwa AFC.

Ngoja nikueleze imenifikiaje. Mwenzangu ni mtoto wa Ngarenaro, Arusha. Tuko kwenye mwaka wa saba wa ndoa, na kama nyumba nyingi za Kitanzania, ya kwetu ina watu watatu: mimi, yeye na mpira. Nilishazoea kwamba nimeolewa na mtu mwenye timu mbili. Ya kwanza ni Simba, na hiyo naijua kwa kelele zake. Ya pili haisemwi sana. Huwa inachomoza tu akikutana na mshkaji wa nyumbani, mmoja akauliza, "Hivi Chuga sasa hivi tuna timu gani?" Halafu wote wawili wananyamaza, kama watu waliotajiwa marehemu.

Ukimya ule ningeweza kuuacha upite. Ila mwaka jana mtoto wetu wa kiume, ambaye ana miaka mitano, alimuuliza baba yake wakiwa wanaangalia mechi sebuleni: "Baba, timu ya kwa bibi ni ipi?" Swali la kitoto kabisa. Mwanaume ambaye kwa kawaida ana jibu la kila kitu kuhusu soka alibaki anatafuta rimoti. Nikasema, hapa kuna jambo. Tulipopanda kwa mama mkwe kwa mapumziko, mbuga tukaziacha zipumzike, tukaenda kutafuta jibu la mtoto.

UWANJA WENYE JINA LA MSHAIRI

Raha ya Arusha ni kwamba sehemu kubwa ya mji unaitembea kwa miguu. Anzia Mnara wa Saa, pandisha Barabara ya Boma mpaka lilipo boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, kisha shika Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi. Mtapita maduka, wauza karanga, vijana wa bodaboda wanaowaita "wazazi" hata kama hamjafika huko, mpaka kwenye mzunguko wenye mnara wa Mwenge. Pembeni yake ndipo lilipo jumba la makumbusho ya Azimio la Arusha, lile ambalo Halmashauri Kuu ya TANU ililipitisha hapa mjini Januari 1967 na likatangazwa Februari 5. Ujamaa na Kujitegemea. Likumbuke hilo neno la pili, tutalihitaji mbele ya safari.

Kutoka hapo uwanja hauko mbali. Jina lake kamili ni Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid. Wengi tunalitamka jina hilo redioni na kwenye luninga bila kujiuliza alikuwa nani. Sheikh Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, na akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana. Lakini wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kitu kingine: mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, na mpaka leo hakuna anayefundisha mizani na vina akamruka. Kwa hiyo ukikaa pale jukwaani, jua kwamba umekaa kwenye uwanja wa mpira uliopewa jina la mshairi. Ni miji mingapi duniani inaweza kusema hivyo?

Uwanja wenyewe ni wa CCM, kama ilivyo CCM Kirumba ya Mwanza au Sokoine ya Mbeya. Umebeba kila kitu cha mji huu: gwaride, mikutano ya siasa, matamasha, mikutano ya injili. Majukwaa yake ni ya kizamani, saruji inakukumbusha kwamba ulipaswa kuja na kanga ya kukalia. Lakini inua macho utazame kaskazini. Mlima Meru huo hapo, zaidi ya mita 4,500, umekaa nyuma ya mji kama mama mkwe aliyekuja kuangalia mnaishije. Jioni mawingu yakifunguka, hata mchezaji anayesubiri kurusha mpira utamwona anaiba jicho mara moja.

Mji wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwenzangu anadai kwamba zamani timu za Pwani zikija hapa, kipindi cha pili zilikuwa zinapumua kwa mdomo. Sina kipimo, lakini nilipanda ngazi za jukwaa na nikaona anachosema.

AFC, TIMU YA MJINI

AFC kirefu chake ni Arusha Football Club. Hakuna simba, hakuna chui, hakuna kiwanda wala jeshi kwenye jina. Ni jina la mji tu, basi. Wazee wa hapa watakutajia pia Ndovu na Pallsons, timu zilizowahi kuibeba Arusha kwenye soka la Tanzania. Lakini ukisema AFC mbele ya mtu aliyekulia Kaloleni, Levolosi au Ngarenaro, unaona uso unabadilika.

Msimu wa kukumbukwa, na wa kuuma, ni wa 2010/11. Ligi Kuu ilikuwa na timu 12 tu, na AFC ilikuwa mojawapo. Fikiria maana yake kwa mji. Kila baada ya wiki chache kuna mgeni: leo Azam, kesho Mtibwa Sugar, siku nyingine Simba au Yanga wenyewe. Mama ntilie wanapika sufuria mbili badala ya moja. Vijana wanapaka nyuso rangi. Mwenzangu wakati huo alikuwa kijana wa chuo Dar, na ananiambia alikuwa akiwapigia simu wenzake wa nyumbani wamweke simu hewani dakika kumi za mwisho, asikie uwanja tu. Nilicheka. Kisha nikafikiria gharama za vocha za wakati ule, nikaacha kucheka.

Msimu ule unakumbukwa nchini kwa kitu kingine kabisa. Yanga na Simba walimaliza wakiwa na pointi sawa, na Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Nchi nzima ilikuwa inaangalia juu ya msimamo. Chini kabisa, bila kelele, timu mbili zilikuwa zinafungasha: Majimaji ya Songea, ambayo iliwahi kuwa bingwa wa Tanzania, na AFC ya Arusha. Zikashuka.

Kushuka daraja ni kama kuachwa, bwana. Siku ile yenyewe wala haiumi sana, kuna watu, kuna maneno ya kufarijiana, kuna "tutarudi tu". Maumivu yanakuja baadaye, nyumba ikiwa kimya. Timu ya wananchi ikiteremka, mgawo wa mdhamini wa ligi unakatika. Wachezaji wazuri wanachukuliwa na wenye uwezo. Kiingilio kinashuka kwa sababu Simba na Yanga hawaji tena. Lakini basi bado linataka mafuta, na wapinzani hawakusogea karibu kwa sababu wewe huna hela. Kutoka Arusha mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami. Wachezaji 20 na ushee, makocha, chakula, mahali pa kulala, na kurudi. Fanya hesabu hiyo mara kadhaa kwa msimu, na uifanye ukiwa huna mwajiri nyuma yako, una wanachama na mapenzi tu.

WAJEDA KUTOKA OLJORO

Sasa hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu na chungu kwa pamoja. Mwaka huohuo wa 2011 AFC iliposhuka, timu nyingine ya Arusha ilipanda: JKT Oljoro, kutoka kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Oljoro, kusini mwa mji. Mji ulipoteza timu na kupata timu ndani ya mwaka mmoja.

Ukitazama kwa kichwa, Oljoro ilikuwa na kila kitu ambacho AFC ilikililia. Timu ya jeshi ina kambi. Ina nidhamu, ina gari, na mchezaji akiajiriwa na jeshi mshahara wake hautegemei watu wangapi wamekuja uwanjani Jumamosi. Ndiyo maana ukiutazama msimamo wa ligi yetu kwa miaka mingi utakuta Prisons, JKT Ruvu, Ruvu Shooting, Polisi. Katika nchi ambayo mpira hauingizi fedha za uhakika, mwenye mshahara ndiye anayedumu.

Oljoro ilicheza Ligi Kuu misimu mitatu. Uwanja ulikuwa uleule wa Sheikh Amri Abeid, mlima uleule, wageni walewale. Na watu walikwenda, maana mpira ni mpira. Lakini nilipomuuliza mwenzangu kama aliipenda, alifikiri kwanza. "Niliishangilia," akasema. Nikamwambia sikukuuliza hivyo. Akasema, "Ile ilikuwa kama mume aliyetafutwa na wazazi. Hana kasoro. Anahudumia. Ila moyo unachukua muda wake." Na muda haukutosha. Mwisho wa msimu wa 2013/14 Oljoro ikashuka pamoja na Ashanti United ya Dar na Rhino Rangers ya Tabora.

Tangu hapo mpaka msimu wa 2024/25 unafungwa, zaidi ya miaka kumi, hakuna timu ya Arusha iliyocheza Ligi Kuu. Mtoto wangu wa miaka mitano alikuwa ameuliza swali halali kabisa.

WENZETU WA MBEYA

Kuna watu husema, hayo ndiyo maisha, miji ya mikoani haiwezi. Haya, tuuangalie msimu uleule wa 2013/14 ambao Arusha ilikuwa inalia. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ndiyo kwanza ilikuwa imepanda. Ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam waliochukua ubingwa wao wa kwanza bila kufungwa hata mechi moja, na Yanga. Mashabiki wa Mbeya na zambarau yao walikuwa wanasafiri mpaka Dar. Ilikuwa babu kubwa. Ilishuka mwaka 2023, ndiyo, lakini mwaka 2025 ikapanda tena.

Au chukua Pamba ya Mwanza. Hiyo ilizaliwa enzi za mashirika ya umma, wakati kila shirika lenye heshima lilikuwa na timu yake, na ikawa bingwa wa nchi mwaka 1990. Mashirika yalipoanza kupukutika miaka ya 90, timu zake nyingi zilipukutika nayo. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20. Ikarudi mwaka 2024, ikiwa imeshikwa na jiji, na jina likawa Pamba Jiji.

Ukiziweka pamoja unaona kitu. Timu ya mji hairudi kwa sababu watu wanaikumbuka kwa huzuni. Inarudi kwa sababu kuna mtu, halmashauri, kampuni au wanachama wenyewe, ameamua kulipa basi mwezi huu, na mwezi ujao, na ule unaofuata. Kujitegemea, kama lilivyosema lile Azimio la pale mzungukoni. Na Arusha si mji maskini, jamani. Una hoteli, una kampuni za utalii zisizohesabika, una kahawa na maua, una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Magari yenye nembo za kampuni za hapa yanapishana barabarani siku nzima. Hata nembo moja tu ikahamia kwenye jezi, kuna safari ya Songea itakayolipika.

Matumaini yapo. Msimu wa 2023/24 kwenye Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mkoa huu ulikuwa na timu mbili: Mbuni, na TMA, ya chuo cha kijeshi kule Monduli. Hapo si mbali. Ni ngazi moja tu. Ila ngazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

UKUMBI WA HARUSI ZA WATU

Usidhani kwamba uwanja umelala. Hapana, unafanya kazi sana, ila kwa wengine. Juni 2018 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa, Mtibwa Sugar wakaifunga Singida United mabao 3-2. Julai 2022 fainali ikarudi tena: Yanga na Coastal Union ya Tanga, 3-3, kijana Abdul Suleiman "Sopu" akapiga mabao matatu peke yake na bado akatoka bila kombe, maana Yanga walishinda kwa penalti. Ukimkuta mtu wa Arusha aliyekuwepo siku hiyo, kaa chini, agiza kahawa, hakuachii mapema.

Msimu wa 2024/25 Coastal Union wenyewe wakahamia hapa kwa muda kwa mechi zao za nyumbani. Machi 1, 2025 Simba wakaja wakashinda 3-0, mabao yote ya Steven Mukwala. Yaani watu wa Tanga wanafungwa "nyumbani" kwao, na nyumbani kwenyewe ni Arusha.

Mama mkwe wangu, ambaye mpira haumhusu kabisa, ndiye aliyelisema vizuri zaidi. Tulikuwa tunakula mtori jioni, mwanawe anahesabu mechi hizo zote kwa fahari. Mama akasema taratibu, "Kwa hiyo uwanja wetu ni ukumbi wa harusi. Tunafagia, tunapamba, wanaooana ni watu wengine." Kimya kikapita mezani.

Na ukumbi mwingine mkubwa umekuja. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa AFCON ya 2027. Machi 2024 ukasainiwa mkataba wa kujenga uwanja mpya katika kata ya Olmoti hapa Arusha, wa watazamaji 30,000. Ni jambo la kujivunia, na mimi najivunia. Lakini mashindano yanadumu mwezi mmoja. Jumamosi ziko 52 kwa mwaka. Uwanja wa watu 30,000 unahitaji mwenyeji ambaye wageni wakiondoka yeye anabaki.

MZEE WA JUKWAANI

Jumamosi yetu ilikuwa mechi ndogo, timu za madaraja ya chini, kiingilio cha bei ya soda mbili. Watu walikuwa mia chache. Wanafunzi, wamachinga waliofunga biashara mapema, kina dada wawili wakiwa na chupa ya chai na vikombe vyao, na wazee. Mwenzangu alinunua karanga, akanitandikia kanga. Siku hizi akiwa anaangalia Simba hata maji hakumbuki kuniletea, kwa hiyo nilianza kuupenda mpira wa daraja la chini papo hapo.

Karibu yetu alikaa mzee mmoja aliyevaa koti zito na kofia ya sufi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mmepotea njia? Mbuga ziko kule."

Tukacheka. Nikamuuliza anashangilia ipi kati ya zile mbili uwanjani. Akasema hakuna. Yeye ni wa AFC.

"Lakini mzee, AFC haichezi leo."

"Najua. Mama watoto akisafiri, mimi si nalala nyumbani kwangu vilevile?"

Mwenzangu alisogea kiti chake, au tuseme alisogeza kipande chake cha saruji, wakaanza kuongea. Sikuwaingilia. Wakataja majina ya wachezaji ambao siwajui, wakabishana kuhusu bao lililofungwa kwenye goli la upande wa mlima. Mzee akasimama kuonyesha mpira ulipitia wapi, mgongo wake umepinda lakini mguu bado unakumbuka. Nimeishi na mume wangu miaka saba, nimemwona akishangilia ubingwa, nimemwona akitupa kofia chini. Sijawahi kumwona akiongea kuhusu mpira kwa sauti ya chini namna ile, kama mtu anayeulizia ndugu.

Wataalamu wa mapenzi wanaojaza kurasa za magazeti kama hili wanatuambia tushiriki anachokipenda mwenzako. Ni ushauri mzuri, ila wengi tunauchukulia kwamba tununue jezi zinazofanana. Pale uwanjani niliona kwamba mapenzi ya Simba yalikuwa ya kushirikiana na nchi nzima, hayakuhitaji mimi niyaelewe. Haya ya AFC ndiyo yaliyokuwa ya kwake. Yalimweleza kijana wa Ngarenaro ambaye mimi sikuwahi kukutana naye, yule aliyekuwepo kabla ya Dar, kabla ya kazi, kabla yangu.

Tulipokuwa tunatoka, mzee akamuuliza kama ana mtoto. Akasema anaye, mmoja wa kiume. "Basi mlete," mzee akasema. "Timu haifi ikishuka. Inakufa watoto wasipoletwa."

NAWE UKITAKA KWENDA

Haya, tuje kwenye mpango wako. Ratiba za Championship na madaraja ya chini hubadilika, kwa hiyo uliza mwenyeji wako, au uliza dereva wa bodaboda yeyote. Hao wanajua kila kitu. Mechi nyingi ni za alasiri. Beba sweta hata kama mchana kulikuwa na jua, hasa Juni na Julai, na kanga ya kukalia. Fedha taslimu ndogondogo zitakufaa kwa kiingilio na karanga.

Asubuhi ya Jumamosi mnaweza kwenda soko la Tengeru, ambalo siku zake kuu ni Jumatano na Jumamosi, kisha mkazunguka Ziwa Duluti lililo jirani, kimya, miti mirefu, bomba kwa wawili. Mrudi mjini, mle ndizi nyama, mtembee ile njia ya Makongoro mpaka uwanjani. Jumapili, kama miguu inaruhusu, Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko chini ya Meru kwenyewe, na twiga hawana habari na msimamo wa ligi.

Na kama wewe si wa Arusha, tafuta ya kwenu. Songea wana Majimaji, Tabora walikuwa na Rhino, Moshi walikuwa na Ushirika. Karibu kila mji una jina ambalo ukilitaja mbele ya mtu wa makamo, uso unabadilika. Muulize mwenzako jina hilo usiku huu. Halafu nyamaza usikilize.

Sisi tumeshakata tiketi za Desemba, tatu. Mtoto ameambiwa timu ya kwa bibi inaitwa AFC. Aliuliza swali moja tu: "Inafunga?" Baba yake akamjibu kwamba siku hizi haifungi sana, lakini mlima wake ni mrefu kuliko wa Simba. Naona jibu limemtosha, kwa sababu tangu hapo kila anayekuja nyumbani anaulizwa timu ya kwa bibi yake ni ipi, na wageni wetu wengi wanabaki wanatafuta rimoti.